Mchanga Ndani ya Tangi

Mfuniko wa sufuria ya chai ulikuwa ukigongagonga jikoni, na nje bado giza. Aloo alipousikia alijua kwamba mama yake, Maryanne, ameshaamka, na kwamba baada ya chai samaki watapangwa. Akatupa shuka kando, akanawa uso, akaenda kusaidia.

Walikaa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, hatua chache kutoka ufuo wa ziwa. Mara tatu kwa wiki Maryanne alinunua samaki, ngege na mbuta, kwa wavuvi, akawapanga katika mabeseni pamoja na vipande vya barafu, na mumewe Obiero akawapeleka kwa gari hadi soko la Pap Onditi. Gari lenyewe lilikuwa Toyota lenye umri mkubwa kuliko wa Aloo, na Aloo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini injini ilikuwa nzima, na ndiyo iliyowalisha.

Kazi ya Aloo ilikuwa petroli. Obiero hakuwa na mazoea ya kujaza tangi mjini. Alinunua kidogo kidogo kwa jerikani palepale ufuoni, kwa mzee aliyewauzia wenye mashua za injini kutoka kwenye pipa. Upepo wa ufuoni hauachi mchanga utulie, kwa hiyo kila mtu pale, mkubwa kwa mdogo, alimimina petroli kupitia kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa faneli. Obiero alimfundisha binti yake hivyohivyo: kitambaa kwanza, petroli baadaye. Aloo alijivunia kazi ile. Watoto wengine walitumwa maji tu.

Ubaya wa kitambaa ni kwamba hakina haraka. Muhula wa pili, Aloo na rafiki yake Naswa walichaguliwa katika kwaya ya shule, na mazoezi yalianza kabla ya kengele. Naswa alikuwa akimngoja njia panda kila asubuhi, akirukaruka kwa baridi. Siku moja Aloo alitazama petroli ikichuruzika tone kwa tone, akatazama anga linavyopambazuka, akakiondoa kitambaa. Petroli ikateremka mara moja. Ndani ya jerikani, chini kabisa, aliona tope la kahawia likizunguka, kisha nalo likaingia. Alisimama kidogo. Halafu akafunga kifuniko cha tangi, akakimbia.

Siku ile gari lilienda na kurudi salama. Basi mara ya pili haikuwa ngumu. Kwa majuma mawili hata hakukichukua tena kile kitambaa kwenye kamba ya nguo.

Naswa alikuwa binti wa fundi Masinde. Familia yao ilitoka Bungoma miaka kadhaa nyuma, na Masinde alikuwa na sehemu yake katika uwanja wa mafundi wa magari mjini, chini ya mabati matatu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliona zipu ya begi la Aloo imekwama, akaichukua, akaitengeneza kwa koleo, akamrudishia. Ndiye aliyeweka pampu mpya ya mafuta katika gari la Obiero mwanzoni mwa muhula. Pampu hiyo hukaa ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma, ikivuta petroli na kuisukuma hadi kwenye injini. Ikifa, gari haliendi, hata tangi likiwa limejaa.

Mwezi haukuisha kabla gari halijaanza kukohoa. Kwanza lilikohoa likipanda mwinuko, kisha hata kwenye tambarare, na Alhamisi moja likazimika kabisa karibu na mji. Obiero akatafuta gari la kulivuta hadi uwanja wa mafundi. Aloo na Naswa, waliokuwa wakitoka shule, waliwakuta watu wamezunguka.

"Uliniuzia pampu kuukuu," Obiero alikuwa akimwambia Masinde. "Uliisugua ikang'aa, ukaniita mteja."

"Baba Aloo, tufungue tangi kwanza," Masinde alijibu. "Pampu mpya haifi bila sababu. Nataka kuiona hiyo sababu."

"Nikufungulie tangi uchukue na kilichobaki?"

Watu wakacheka. Dereva mmoja wa pikapu akasema sasa ameelewa kwa nini gari lake linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mwingine akakumbuka betri yake. Kila mtu akawa na kasoro ya kumbebesha Masinde, na Masinde akabaki amesimama, spana mkononi, akiwatazama watu aliowatengenezea magari miaka yote.

Aloo alijua. Neno moja tu lingetosha. Alitazama mkanda mkononi mwa baba yake, maana Obiero alikuwa ameuvua kuifunga kamba ya kuvutia gari, na kwa hofu ya kuchapwa hakulisema. Naswa alikuwa kando yake, uso umeinama. Aloo hakumshika hata mkono.

Gari lilipelekwa kwa fundi mwingine, aliyekuwa na haraka. Alitoa pampu, akaweka nyingine, hakuangalia ndani ya tangi. Likawaka. Obiero akaona huo ndio uthibitisho: Masinde alimwibia. Alilisema ufuoni, akalisema sokoni.

Aloo alikirudisha kitambaa kwenye faneli kimyakimya. Alimimina polepole kuliko hata alivyofundishwa, kana kwamba atayafidia yale majuma. Lakini mchanga ulikuwa umekwisha kuingia. Shuleni Naswa aliendelea kukaa naye dawati moja. Alimwambia kwamba siku hizi baba yake anashinda bila gari hata moja, na kwamba mwenye uwanja ameanza kumuuliza ile sehemu anaitumia kwa kazi gani. Kila jioni Aloo alijiambia atasema kesho.

Siku ya tisa tangu gari livutwe ilikuwa Jumamosi, na Aloo alikuwa amepanda garini kwenda sokoni pamoja na wazazi wake. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kufika Pap Onditi gari lilipokohoa mara mbili na kuzimika. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, na barafu ilikuwa ikiyeyuka ndani ya mabeseni. Obiero alimpigia yule fundi wa haraka, ambaye alisema yuko mbali. Akampigia tena, simu ikawa haishikwi.

Wanawake wa sokoni walipopata habari walikuja na mikokoteni miwili wakabeba samaki, wakisema watawauza kwa niaba ya Maryanne bila kudai malipo. Maryanne akawashukuru mmoja mmoja. Kisha akachukua simu yake.

"Nampigia Baba Naswa," alisema.

Obiero alitaka kukataa, lakini hakuwa na fundi mwingine wa kumpigia.

Masinde alimwambia Maryanne azungushe ufunguo hatua moja bila kuwasha, na mtu mwingine aweke sikio kwenye kiti cha nyuma. Aloo ndiye aliyeweka sikio. Pampu nzima hunguruma kidogo, kama nyuki kwenye chupa. Hapakuwa na mlio wowote. Saa moja baadaye Masinde alifika kwa bodaboda, mfuko wa vyombo mabegani na pampu mpya ndani yake. Alisalimia kila mtu, Obiero pia.

Hakufungua kitu kwa pupa. Alikagua fyuzi, akaikuta nzima. Akagusisha taa ndogo kwenye nyaya zinazoenda kwenye pampu, taa ikawaka. Akaeleza kwamba umeme unafika, kwa hiyo pampu yenyewe ndiyo imekufa. Akatenganisha waya wa betri, akamwomba kijana aliyekuwa akivuta sigara asogee mbali, akatoa kiti cha nyuma. Alipangusa vumbi juu ya kifuniko lisije likadondokea ndani, akafungua skrubu, akaivuta pampu taratibu.

Chini ya pampu kuna chujio dogo, laini kama soksi ya mtoto. Lile lilikuwa limekakamaa, rangi ya udongo. Masinde alilikamua kiganjani. Mchanga ukabaki mkononi mwake, mchanga wa ufuoni, mweupe na mweusi, wenye vipande vya magamba ya konokono.

"Pampu ilikuwa inavuta hapa, haipati kitu," alisema. "Petroli ndiyo huipoza. Ikikosa, inaungua. Hata ukiweka kumi, zote zitaungua hadi tangi lioshwe."

Obiero aliutazama mchanga ule. Akasema kwa sauti ya chini kwamba petroli yake huchujwa kwa kitambaa kila siku, kwa hiyo haelewi. Masinde angeweza kusema mengi. Alisema tu kwamba huenda pipa lina tundu.

"Halina tundu," Aloo alisema. "Ni mimi, Baba. Nilikiondoa kitambaa. Si siku moja. Wiki mbili. Na siku ile uwanjani nilikuwa najua."

Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Mama yake alifunika mdomo kwa ncha ya leso. Obiero aliketi kwenye ukingo wa barabara, akashika kichwa.

"Na mimi nani alinituma nitangaze kitu nisichokijua?" alisema mwishowe. "Fundi aliniomba tufungue tangi. Nilikataa mbele ya watu."

Masinde alimaliza kazi. Alinyonya petroli yote kwa mpira, akaosha tangi mara mbili na kulipangusa hadi kitambaa kikatoka safi, akaweka pampu mpya na chujio jipya, akabadilisha mpira wa kifuniko ili petroli isivuje, kisha akairudisha petroli kupitia kitambaa. Alipounganisha betri na ufunguo ukazungushwa, mngurumo mdogo ukasikika chini. Gari likawaka papo hapo. Hakuna aliyefurahi.

Jumatatu Obiero alikwenda uwanja wa mafundi pamoja na binti yake. Alisimama mahali palepale alipomwaibisha Masinde, akaeleza kosa lake na kosa la nyumba yake, hakuficha kitu. Aloo naye alisema lake. Wengine waliinamisha macho. Dereva wa pikapu alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Lakini chini ya yale mabati matatu palikuwa na mtu mwingine, akiziba tairi. Mwenye uwanja alisema anasikitika, ila alikwisha kupokea kodi ya mtu huyo Ijumaa. Yaliyosemwa leo yangesemwa wiki iliyopita, akasema, angekuwa na la kufanya.

Masinde alipata kibanda kwa binamu yake kule Sondu. Naswa alihama shule katikati ya muhula. Asubuhi aliyoondoka, Aloo alimkabidhi kitabu chake cha nyimbo na kumwambia ukweli wote, mwenyewe, kwa mdomo wake. Naswa alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua kitabu, akaenda zake.

Likizo ilipofika, Obiero alimwomba Masinde ruhusa kwa simu, akaipeleka familia yake Sondu. Walibeba mbuta mmoja mkubwa. Nanyama, mama yake Naswa, aliwapokea kama jamaa waliochelewa. Alimkalisha Aloo karibu na moto kwa kuwa aliona ana baridi, akamwekea kipande kinono cha samaki bila kuuliza. Kibanda kilikuwa kidogo. Masinde sasa alitengeneza zaidi mashine za kusaga na pikipiki, na alisema kazi ipo, ingawa si kama ile ya Kisumu.

Baada ya chakula alimwita Aloo nje.

"Ulipoondoa kitambaa ulikosea," alimwambia kwa upole. "Lile kosa nililitengeneza kwa nusu siku. Hukuniona nikikasirika. Lakini siku zile ulizonyamaza, mwanangu, sina spana ya kuzirudisha. Ukikosea kazini, sema wakati kosa bado ni dogo, hata kama unaogopa. Hofu hupita haraka kuliko unavyodhani. Jina la mtu likichafuka, halioshwi kama tangi."

Aloo aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema amesikitika, lakini alikuwa amekwisha kulisema mara nyingi. Akasema atakumbuka, na akamaanisha.

Naswa alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya mlango, akimenya viazi. Aloo akachukua kisu cha pili, akakaa karibu naye. Walimenya karibu nusu ya karai.

"Kwaya ilifika wapi kwenye mashindano?" Naswa aliuliza, macho kwenye kiazi.

"Tulitolewa mapema."

"Sauti yangu aliimba nani?"

"Hakuna. Mwalimu aliiacha tu."

Naswa alimenya kiazi kingine. Halafu akamwonyesha Aloo jinsi anavyomenya vibaya, anavyotupa nusu ya kiazi pamoja na maganda, akasema ndiyo maana Wajaluo kama yeye wanapenda samaki: viazi vimewashinda. Aloo akacheka kidogo, na macho yakamjaa machozi hapohapo.

Jioni wageni waliposimama kuondoka, Nanyama aliwafungia ndizi, Masinde akazunguka gari akikagua magurudumu. Naswa aliwasindikiza hadi barabarani. Aloo alipoingia garini, Naswa aliweka mkono juu ya kioo kilichoteremshwa nusu.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Lakini njoo tena. Njoo Agosti, ulale siku tatu."