Honi Kwenye Kona ya Gauchito

"Kwa Doña Zulema, kule Paso del Ñire. Binamu yako anashuka leo na mtungi wa gesi. Yumo kwenye gari-nyumba, pamoja na watalii. Mpokee kabla theluji haijakaza."

Irma Calfuán alizima redio.

Hapakuwa na bibi yeyote aitwaye Doña Zulema kule Paso del Ñire.

Redio ya mjini ilikuwa na kawaida hiyo. Kila mchana, baada ya habari, mtangazaji husoma salamu za watu wa milimani, kule ambako simu hazishiki: fulani kajifungua mtoto wa kike, fulani apelekewe farasi njia panda, fulani dawa zake zimefika, azifuate. Mlima mzima huacha vijiko ukatega sikio. Idara ya ujasusi nayo ilipenyeza amri zake humo humo, katikati ya farasi na dawa, na hakuna aliyewahi kushtuka.

Binamu alikuwa mbebaji. Mtungi wa gesi ulijaa vilipuzi, na vilipuzi vilikuwa vinakwenda kwenye lango la bwawa la Los Maitenes.

Chini ya bwawa kulikuwa na bonde, na bondeni kulikuwa na watu. Mgeni mmoja tajiri, Verhaak, alilitaka bonde hilo tupu, ili aichukue ardhi kwa bei ya kutupa, na mtungi huo alikuwa anausindikiza mwenyewe. Katika nyumba ya kwanza kabisa chini ya ukingo wa bwawa, ile yenye bati la buluu na mti wa tufaa usiozaa, alikaa Doña Eduviges, mama mkwe wa Irma. Magoti yake yalikuwa mabovu. Asingeweza kukimbia hata kuku, sembuse maji.

Mwanawe wa pekee, Lucio, alikuwa mume wa Irma na jasusi kama yeye. Theluji ilimfunika huko huko juu, majira ya baridi ya mwaka juzi. Jeneza lilikuja limefungwa kwa misumari. Tangu hapo wanawake hao wawili walikula pamoja kila Jumapili, na kiti cha tatu wakikiacha pale pale.

Irma alivuta pazia kidogo.

Gari-nyumba lake lilikuwa Mercedes kuukuu, rangi ya maziwa, limeegeshwa kandokando ya kona. Ndani lilikuwa la kistaarabu: mapazia ya maua, jiko dogo, blanketi la sufu alilofumiwa na Doña Eduviges, na kopo la maandazi. Chini ya benchi ilikuwapo darubini inayoona joto. Kiunoni, bastola aina ya Bersa.

Mezani ilikuwapo chupa ya chai, Stanley ya kijani.

Nusu ya juu ilikuwa na maji ya moto ya kunywea mate, yale majani machungu ya huko yanayotiwa kibuyuni na kufyonzwa kwa mrija. Nusu ya chini ilikuwa kikata-mawimbi. Ukizungusha kitako chake, hakuna rimoti itakayofanya kazi mahali pale, ila lazima uwe karibu, karibu kabisa. Nchi ile mtu huzunguka na chupa ya chai kwapani tangu anapoamka hadi anapolala. Askari hamuulizi, mwizi hamshuku.

Redio ya mkononi ilikwaruza.

"Greda kwa Birika."

Alikuwa sajini Huenul, darajani chini, ndani ya greda la kuzoa theluji.

"Birika nakusikia."

"Wenzetu wa mpakani wanasema magari-nyumba matatu yamevuka. Yote ya kukodi, yote namba za nje."

"Verhaak yumo lipi?"

"Nani ajue, dada? Vioo vimeganda, na watu wote wamejifunika nyuso kama wezi wa ng'ombe."

"Basi msisimamishe hata moja. Rimoti anayo mkononi. Akihisi amebanwa atabonyeza, na watalii watapaa naye."

"Nimekuelewa. Miguu yangu imeshakufa huku."

"Ipigepige. Utaihitaji kumkimbia mkeo."

Huenul alicheka, redio ikanyamaza.

Irma alilisogelea dirisha. Ng'ambo ya barabara, mbele yake hasa, palikuwa na kibanda cha Gauchito, mtakatifu wa barabarani. Kilikuwa kidogo kama banda la kuku, kimefunikwa vitambaa vyekundu kutoka juu mpaka chini, na mbele yake watu walikuwa wamemwachia sigara, mvinyo nusu chupa, na kiatu cha mtoto aliyepona. Dereva wa nchi ile hapiti pale bila kupiga honi. Ni kuomba njia. Hata asiyeamini hupiga. Mkono hujipeleka wenyewe.

Mtalii hapigi. Mtalii hajui.

Gari la kwanza lilishuka taratibu, minyororo ya magurudumu ikitafuna barafu.

Likapita kimya.

La pili lilisimama. Kijana na msichana waliruka nje, wakapiga picha vitambaa vyekundu, wakacheka, wakaondoka. Kimya.

La tatu lilikuwa Fiat Ducato nyeupe.

Lilipofika kwenye kona, likapunguza mwendo.

Tii-tii. Tiiiii.

Kibuyu cha mate kilimtoka Irma mkononi.

Mbili fupi, moja ndefu. Ulimwengu mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyepiga hivyo. Lori lake lilipinduka kwenye kona hii hii alipokuwa kijana, akatoka bila mkwaruzo, akamwahidi Gauchito salamu yake peke yake. Alipiga hivyo siku ya harusi, padri akiwa kiti cha nyuma ananung'unika. Alipiga hivyo usiku alipomkimbiza Irma hospitali, na Irma akamtukana.

"Greda," Irma alisema. "Ni la tatu. Ducato."

"Umejuaje?"

"Amepiga honi."

"Kila mtu hupiga honi hapo."

"Watalii hawapigi. Ziba daraja."

Aliyobaki hakuyasema. Aliwasha gari.

Alilifuata Ducato lile bila taa, mikono imeshika usukani kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Upande wa kulia ukuta wa mwamba. Upande wa kushoto hakuna kitu. Theluji ilipiga kioo kwa mabonge, na kifuta-kioo kimoja, kile kibovu, kililia kila kiliporudi. Alikuwa akisema moyoni kwamba honi si saini ya mtu. Huenda kuna mwingine. Mtu hujiambia mengi kwenye kona za namna ile.

Darajani, greda la njano lilikuwa limekaa katikati ya barabara, Huenul akijifanya anagombana na injini. Magari mawili ya kwanza yalikuwa yameshavuka.

Ducato lilisimama. Mlango wa abiria ukafunguka. Mtu mrefu mwenye koti jekundu aliteremka, akatembea kuelekea greda huku akifoka kwa lafudhi ya kigeni. Mkono mmoja alikuwa ameuzamisha mfukoni, na hakuutoa.

Verhaak.

Irma aliteremka na chupa ya chai kwapani. Akazungusha kitako chake. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka, akakifunika kwa skafu.

Akafungua mlango wa ubavuni wa Ducato, akaingia.

"Funga mlango, baridi inaingia," dereva alisema bila kugeuka.

"Baridi si umeizoea," Irma alisema. "Uliwahi kufa nayo."

Dereva aligeuka polepole. Ndevu zilikuwa ngeni, zenye mvi. Macho yalikuwa yale yale.

"Mwembamba," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu uchumba.

"Mikono kwenye usukani."

"Umenenepa."

"Nakula na mama yako kila Jumapili. Mikono, Lucio."

Aliiweka. Akamtazama kwenye kioo kidogo cha juu.

"Nani aliniuza?"

"Hakuna. Umepiga honi."

Lucio alifumba macho. "Hata sikujua kama nimepiga."

"Najua."

Mtungi wa gesi ulikuwa pale miguuni pa Irma, umefungwa kwa mikanda, umepakwa rangi mpya. Harufu ya rangi ilikuwa bado haijaisha.

"Tulizika nini, Lucio?"

"Irma..."

"Mle kwenye jeneza. Nataka kujua."

"Mawe. Na koti langu la kijani."

"Nililia mawe."

"Nilichoka, mke wangu. Miaka yote ile ya kulala kwenye matope kwa ajili ya Idara, nimepata nini? Mgongo mbovu na medali ya bati. Huyu ameniahidi nyumba, mahali pasipo na theluji. Ningekuita baadaye. Nakuapia kwa..."

"Usiape kwa mama. Anakaa nyumba ya kwanza chini ya ukingo."

"Aliniambia ni lango tu litakalopasuka. Maji yatashuka taratibu."

"Wewe umezaliwa pale. Maji yale yanashuka taratibu?"

Kifuta-kioo kilikwenda, kikarudi.

"Kila Jumatatu anakuwashia mshumaa," Irma alisema. "Akikosa mshumaa mweupe ananituma mjini. Na mimi nakwenda."

Mkono wa kushoto wa Lucio ulikuwa umeanza kushuka, kidole kwa kidole, kuelekea chini ya kiti.

Mdomo wa Bersa ukagusa kisogo chake.

"Usinifanye mjane mara ya pili. Ya kwanza ilinichosha."

Mkono ukarudi juu.

Nje, Verhaak alikuwa ameshituka. Aligeuka, akaona kivuli cha pili ndani ya gari, akarudi mbio akiteleza. Alisimama mbele ya kioo, rimoti mkononi, dole gumba juu.

"Tupa silaha, mama. Au tunaondoka wote."

Irma hakuitupa. Alimtazama tu.

Verhaak alirudi nyuma hatua kadhaa, mbio, kuelekea ukingo wa daraja. Akabonyeza.

Upepo ulivuma.

Akabonyeza tena. Akaitikisa rimoti, akaipuliza, akabonyeza kwa madole yote mawili.

Nyuma yake Huenul alinyanyua koleo la theluji, akapima, akashusha. Mgeni alilala kifudifudi kama gunia.

"Betri," Huenul alimwambia. "Baridi hii huua betri, bwana."

Vilipuzi vilitolewa, vikalazwa mbali kwenye theluji. Lucio alitiwa pingu kando ya gari-nyumba la Irma. Huenul, aliyekuwa amebeba jeneza lile upande wa kichwa siku ya maziko, alimwangalia mara moja, akatema mate pembeni, kisha akaendelea na kazi.

"Irma," Lucio alisema. "Usimwambie mama."

"Nimwambie nini? Mwanawe alikufa kwenye theluji. Alizikwa vizuri, watu walijaa."

"Watanihukumu."

"Kesi za Idara hazisomwi redioni."

"Nitakuona tena?"

Irma alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, akanywa peke yake mpaka kikakoroma. Hakumpa. Kule milimani hata adui hupewa.

"Mpakie," alimwambia Huenul.

Walirudi juu kuelekea kituo cha mpakani. Pikapu ya Huenul, aliyokuwa ameificha nyuma ya greda, ilitangulia, mahabusu wawili nyuma ya wavu. Irma alifuata na Mercedes lake, blanketi limemfunika magoti, maandazi yamepoa kwenye kopo. Jumapili angekula kwa Doña Eduviges kama kawaida. Kiti cha tatu kingekuwa pale pale, na yeye angelazimika kukitazama na kutafuna. Na Jumatatu akitumwa mshumaa, angekwenda.

Walifika kwenye kona. Vitambaa vyekundu vilikuwa vimeganda, vimesimama kama mbao.

Pikapu ya Huenul ilipiga honi.

Kwenye dirisha la nyuma la pikapu, Irma alikiona kichwa cha Lucio kikigeuka, kikimtazama, kikisubiri.

Mkono wake ulijipeleka wenyewe mpaka kwenye honi. Akautazama. Akaurudisha kwenye usukani, akabadili gia.

Akapita kimya, kama mtalii.