Shangazi Bernadette Apiga Simu

Bernadette Kuzma alikwenda kumpelekea Renee kabichi na tambi. Renee ni binti wa marehemu kaka yake. Analea watoto wawili peke yake, na anafanya kazi ghalani, zamu ya mchana.

Mlango ulifunguliwa na Tessa, wa miaka sita. Jikoni, jiko lilikuwa linawaka.

"Mama yuko wapi?"

"Kazini. Leo mimi ndiye mkubwa. Nampikia Milo mayai, lakini yamenishinda."

Milo, mdogo wake, ana miaka mitatu. Bernadette alizima jiko, akakaa nao hadi Renee aliporudi.

"Shule zimefungwa, shangazi, na yaya ameacha kazi," Renee alisema huku akilia. "Nikikosa zamu, nafukuzwa. Lakini sitawaacha tena."

Alhamisi Bernadette alipita tena. Watoto walikuwa peke yao.

Safari hii, baada ya Renee kurudi, alikwenda uani kwake akapiga simu ya jimbo la Pennsylvania, ile ya kulinda watoto. Mama aliyepokea aliuliza majina, umri na anwani. Kisha akasema, "Asante. Taarifa hii tunaipeleka kaunti yenu sasa hivi."

Bernadette alikata simu kwa hasira. "Chet! Wananirusha kama mpira!"

"Nilikwambia uyaache," mumewe alijibu.

Ng'ambo ya uzio, jirani yao Wanda Stahl alikuwa anachuma nyanya. Alistaafu kutoka ofisi ya watoto ya kaunti. Alicheka.

"Hujarushwa, mama. Jimbo ni sikio, kaunti ni miguu. Jimbo linapokea simu, linatunga kanuni na kuikagua kaunti. Kaunti ndiyo inayobisha hodi."

"Wakiwachukua watoto je?"

"Hawachukui ovyo. Ikifika huko, jaji huamua, na ndugu hutafutwa kwanza. Mara nyingi familia husaidiwa palepale nyumbani. Na jina lako halitatajwa."

Kesho yake afisa wa kaunti, Dion Pruitt, alifika kwa Renee. Alitazama jiko, akafungua friji, akacheza na Milo sakafuni. Renee alimfuata nyuma.

"Nani amenichongea?"

"Hilo siwezi kusema," Dion alijibu.

Bernadette alikuwa amekaa pembeni na Chet; walikuwa wamekuja kuwaangalia watoto.

"Ni mimi, Renee."

"Wewe? Damu yangu?"

"Nilimkuta mtoto wa miaka sita anapika, jiko linawaka. Bora uninunie, lakini wawe hai."

Renee alimgeuzia mgongo. Dion akasema taratibu, "Dada, sikuja kuwachukua. Nimekuja tupange."

Walipanga mezani. Dion alimsaidia Renee kujaza fomu ya msaada wa jimbo wa kulipia kituo cha watoto. Mpaka nafasi ipatikane, Bernadette angekaa nao mchana.

"Na mimi?" Chet aliuliza.

"Wewe utabadilisha nepi," mkewe alimjibu.

"Mimi mkubwa!" Milo alifoka. "Sivai nepi!"

Hata Renee alicheka, ingawa kwa wiki mbili nzima baada ya hapo hakusema na shangazi yake ila "habari" na "asante".

Nafasi kituoni ilipatikana Agosti. Dion alirudi mara kadhaa, akaridhika, akafunga faili.

Jumapili iliyofuata Renee alifika kwa Bernadette na karatasi ya kituo. Palikuwa na mstari wa jina la mtu wa kupigiwa simu mama asipopatikana.

"Nipe kalamu, shangazi," alisema. "Jina lako linaandikwaje kwa ukamilifu?"