Masikio ya Sebuleni

Kinyozi alipanda ngazi tatu tatu, bastola ya Glock 19 mkononi, na bado alichelewa dakika sita.

Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Mlinzi alilala kifudifudi kwenye korido, chai yake bado inafuka. Ndani, karani wa bandari alikuwa ameketi kwenye kochi na tundu moja la risasi juu ya jicho la kushoto. Mkewe alikuwa jikoni, amemkumbatia mtoto wao wa miaka minne na kumziba mdomo kwa kiganja, ingawa wauaji walishaondoka.

Runinga ilikuwa inaonyesha katuni.

Keshokutwa karani yule angetoa ushahidi dhidi ya watu walioingiza bunduki ndani ya makontena ya vigae. Maficho haya yalijulikana na watu watatu tu: Kinyozi, mkuu wake aliyeitwa Shangazi, na mlinzi ambaye sasa alikuwa hasemi.

Kinyozi akamuuliza mjane nani alipiga simu. Hakuna. Simu zao zilichukuliwa siku ya kwanza. Hawakutoka nje, hawakufungua hata pazia. Kazi yao ilikuwa kuangalia runinga tu, na kwa kuwa kuandika jina la kipindi ni usumbufu, baba mtu alikuwa akimtafutia mwanawe katuni kwa kuiambia rimoti kwa mdomo.

Kinyozi akaiokota rimoti. Juu yake kulikuwa na kitundu, chembamba kama cha sindano.

Maikrofoni.

Runinga ile aliinunua yeye mwenyewe. Inchi hamsini na tano, chapa ya Angaza. Mtoto alikuwa akilia kutwa, naye akamwonea huruma. Aliiunganisha na intaneti kwa mkono wake. Yalipokuja masharti marefu kama msafara wa siafu, akabonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja.

Na alinunua mbili. Ya pili ilikuwa kwa shahidi mwingine, mama aliyepima makontena yale kwenye mizani.

Akabonyeza redio ya Motorola.

"Shangazi, mhamishe mama wa mizani. Sasa hivi. Na asiseme neno mbele ya runinga."

"Kuna nini?"

"Inasikiliza."

Saa sita mchana aliegesha Land Cruiser mbele ya duka la Angaza. Kufikia hapo Shangazi alishajua sauti za wateja zinahifadhiwa ghorofa ya juu, na anayezisimamia ni mtu mmoja, Mhandisi. Alishajua hata nyumbani kwake. Simu ikaita kabla Kinyozi hajashuka.

"Mke na watoto tumewatoa," Shangazi alisema. "Baba yake amegoma. Anasema hatoki nyumbani kwake kwa kuamriwa na watu asiowajua."

Kinyozi alifikiri kwa muda wa kufunga mlango wa gari.

"Mwacheni. Nyumba tupu itawashtua wauaji."

Mhandisi alikuwa mtu nadhifu, tai imenyooka, mikono laini. Alieleza kwa upole kwamba kila kitu ni halali. Runinga hurekodi nani anaangalia nini, saa ngapi, anasema nini. Wanaouza sabuni wanataka kujua. Wateja wenyewe wamekubali.

Kinyozi akafunga mlango kwa ufunguo, akamvunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Baada ya hapo maelezo yalikuwa mafupi. Kuna mteja alileta sauti ya karani, iliyonaswa kwenye simu, akataka kuambiwa inasikika kwenye runinga gani. Mhandisi akaitafuta, akaipata, akatuma anwani. Alileta na sauti ya mwanamke pia. Anwani ya huyo bado hajaituma. Sura ya mteja huyo hajawahi kuiona. Anayo namba yake ya simu tu.

"Watumie ya mwanamke," Kinyozi alisema. "Ila andika anwani ya kwako."

Mhandisi alimtazama kama mtu aliyeambiwa aile mikono yake. Akasema ana mke. Ana watoto wawili. Ana baba.

"Karani naye alikuwa na mtoto. Andika."

Alikataa mpaka kidole cha pili. Kisha akaandika, machozi yakidondokea kibodi, na Kinyozi ndiye aliyebonyeza kitufe cha kutuma.

Wakasubiri dakika arobaini. Mhandisi aliomba simu. Aliomba maji. Akapiga magoti na kumwita kaka, mkubwa, baba, kila jina la heshima alilolijua. Angeweza kuambiwa kwa neno moja kwamba mkewe na wanawe wako salama. Kinyozi hakumwambia. Kila akitazama ukuta aliliona kochi la ghorofa ya nne, na hakutaka kuliona peke yake.

Simu ikatetemeka.

"Walikuja wanne," Shangazi alisema. "Vijana wetu wameua watatu. Wa nne ameshamtaja aliyewatuma, tunamchukua hotelini sasa hivi. Mama wa mizani atasimama mahakamani."

"Mzee?"



"Mtego wa panya, mwanangu. Hunasa waliomo na wasiokuwamo."

Kinyozi akarudisha simu mfukoni.

"Mkeo na wanao wazima. Hawakuwepo nyumbani tangu saa tano."

Mhandisi akaanza kushukuru, paji la uso limegusa sakafu. Halafu akainua kichwa.

"Na baba?"

"Aligoma kuondoka."

"Ulijua yumo?"

"Nilijua."

Akafungua mlango na kumwacha pale chini, akitoa sauti ambayo hakuna mashine ingeweza kuitambua ni ya nani.

Polisi wa kumchukua Mhandisi walikuwa bado dakika mbili kufika. Dukani chini, mume na mke walikuwa wanahangaika na boksi kubwa la Angaza, mikono imejaa. Kinyozi akawashikia mlango. Mume akashukuru. Mke, kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kipya, akasema hii hata kubonyeza hubonyezi, ukiongea tu inakusikia.

"Hongereni," Kinyozi alisema.

Akavaa miwani ya jua, akaenda zake.