Wanyama Waliojificha Kwenye Mizizi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Tusekile alitoka nje na kulitazama shamba la jirani yake, Esnath. Alitaka kuona kama na huko kuna mgomba ulioanguka.

Hakukuwa na hata mmoja.

Kwake, hapo Ikuti, migomba ilijilalia yenyewe. Mkungu haujakomaa, upepo mdogo unapita, mgomba uko chini na mizizi iko juu. Soko la Tukuyu akawa analisikia tu kwa wenzake.

"Ni ile miche aliyonipa," alimwambia mumewe, Jotham. "Mizuri alibaki nayo. Mibovu akanipa mimi."

"Mama Lugano, si yako na yake mliing'oa shimo moja?"

Tusekile akageukia tena shamba la Esnath. Wivu ulimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Siku moja alipita Hellen, bibi shamba wa kata. Alikata mzizi wa mgomba ulioanguka, akaupasua. Ndani ulikuwa na madoa mekundu na meusi.

"Humu kuna wanyama," alisema.

"Wanyama? Wana pembe?"

Hellen akacheka. "Mnyama si lazima awe na pembe wala miguu, mama. Mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mnyama hawezi, lazima ale kitu kingine. Hawa ni minyoo duara. Hawana mfupa hata mmoja. Mwili ni kama uzi, mdogo hata macho hayauoni. Lakini wana mdomo, wanasogea, wanazaana. Wakila mizizi, mgomba unakosa cha kujishikia."

Tusekile akaokota nyungunyungu kwenye udongo. "Basi ni huyu. Nimewaua wengi kwa jivu."

"Huyo mwache. Ona, mwili wake una pingili. Anakula majani yaliyooza, anarutubisha udongo. Wale waharibifu huletwa na miche pamoja na udongo wake."

"Nilijua tu. Esnath."

Esnath alikuwa akipalilia ng'ambo ya ua. Akanyanyuka.

"Nilikwambia tuimenye miche, tuichovye kwenye maji ya moto kama nilivyofanya ya kwangu. Ulinijibuje?"

Tusekile akainama. Siku ile aliona kisu mkononi mwa Esnath, akadhani anataka kuipunguzia miche nguvu ili ya kwake itangulie. Akampokonya miche, akaipanda na udongo wake.

"Nilisema una wivu," alijibu kwa sauti ndogo.

"Kumbe mwenye wivu nani?"

Hellen aliuma midomo asicheke. Kisha akawaita wote wawili wafanye kazi pamoja. Walichagua miche yenye afya shambani kwa Esnath. Wakakata mizizi yote, wakaimenya mpaka ikawa myeupe. Jikoni wakachovya kila mche kwenye maji yanayochemka, wakihesabu polepole mpaka thelathini. Wakaipanda shambani kwa Tusekile, palipokuwa na viazi vitamu, mahali ambapo migomba haikuwahi kukaa.

Mwaka uliofuata mikungu ilitoka mikubwa. Ikaja mvua yenye upepo mkali. Kulipopambazuka, Tusekile alikimbilia shambani kwake kwanza. Migomba yote ilikuwa imesimama.

Ndipo akatazama kwa jirani. Mgomba mmoja wa Esnath, wenye mkungu mkubwa kuliko yote, ulikuwa umeinama karibu kugusa chini. Tusekile alingoja furaha ije. Haikuja. Akachukua mti mrefu, akavuka ua.

"Mwenzangu, amka," aliita. "Njoo ushike huku, mimi nachomeka nguzo."