Karata ya Mzururaji

"Hii picha tumpe nani?" Yeremia aliinua karata juu ili wote waione.

Kijana kwenye picha kabeba kifurushi kwenye fimbo, anatembea kama hajui aendako, na kambwa kanarukaruka miguuni pake.

"Huyo Mzururaji," Selina akasema. "Yule wa kwenye mchezo wetu anayekimbia shamba la kijiji."

Ilikuwa mwaka sabini na nne, kwenye kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ya Mwankoko. Vijana walikuwa wanaandaa mchezo wa Sabasaba, na kiongozi wao alikuwa Klara, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Karata zilikuwa zake. Alipewa na rafiki yake Prabha, binti wa mzee Chhotalal mwenye duka la vitambaa Singida Mjini. Huko zilikotoka watu wanazipigia ramli, lakini Klara alizitumia kuwapa sura wahusika wa mchezo. Shetani mwenye pembe alishakuwa Bwana Mnyonyaji. Mama aliyekaa katikati ya mazao, Bi Mavuno.

"Na Mzururaji ataigiza nani?"

"Hilo nalo la kuuliza?" Yeremia akacheka. "Kifurushi, mbwa, vumbi mpaka magotini. Si Naftali huyu, siku aliyoingia kijijini?"

Banda zima likacheka. Wenzake wote waliletwa na lori. Naftali peke yake alikuja kwa mguu, yeye na mbwa wake.

"Muulizeni mwalimu," Selina akachokoza. "Ndiye anayeongea naye kisimani kila jioni."

Jumapili iliyokuwa inakuja Naftali alikuwa anatuma mshenga kwao Klara, na aliyejua ni mama yake Klara tu. Akawatazama wale wanaocheka, akaona haya. Yeye mwalimu mzima, aolewe na mtu wa kifurushi?

"Namjulia wapi mimi?" akasema. "Mtu mwenyewe alilia njia nzima, kamkumbatia mbwa kama mtoto. Kaniambia kwa mdomo wake."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naftali alikuwa amesimama mlangoni, begani benchi alilotumwa kuleta.

Akalishusha taratibu.

"Benchi lako hili, mwalimu."

Akaondoka. Klara akamkimbilia mpaka kwenye michongoma.

"Naftali, ngoja. Ulikuwa utani."

"Nilikwambia wewe tu."

"Najua."

"Dereva alimkataa mbwa. Mbwa wa marehemu mama, Klara. Alikuwa halali ila kaburini kwake. Ningemwacha vipi? Nilikwambia nikijua naongea na mke wangu."

"Bado ni mke wako."

"Mke wangu hanicheki na Yeremia."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuwa shamba."

Jumapili mama yake Klara alifagia uwanja, akachinja jogoo, akakaa mlangoni na kanga mpya. Jua likapanda, likapinda. Njia nyeupe.

"Wamepatwa na nini hawa watu?"

"Wamepatwa na mimi, mama."

Klara akamweleza yote, macho chini. Mama akasema:

"Kuku kaiva. Kale na aibu yako."

Hakula. Akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatia fimbo, akaweka begani. Mama alimwona anatoka, akageuza uso. Maana binti kujibebea nguo kwenda kwa mwanaume, hapo kijijini hapakuwa na fedheha kuzidi hiyo.

Wenzake walikuwa nje ya banda la mazoezi.

"Mwalimu, unahama?" Yeremia akauliza.

"Ile karata ya Mzururaji ni yangu. Nitaigiza mimi."

"Acha masihara. Unaenda wapi?"

"Kwa Naftali. Alikuwa anipose leo. Nilitoa siri yake ili msinicheke mimi. Haya, nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Aliyempokea kwanza ni mbwa. Akanusa kifurushi, akatikisa mkia. Naftali akaja nyuma, jembe mkononi.

"Nini hicho?"

"Nguo zangu."

"Umepita nazo njia kubwa?"

"Wameniona wote."

Naftali akatikisa kichwa.

"Siwezi kukupokea hivi, Klara."

Machozi yakamtoka. "Najua. Nilitaka tu nipite pale nilipokupitisha."

"Hujanielewa. Mke wangu haingii kwangu kama mtoro." Akaweka jembe chini, akachukua kile kifurushi, akakitia begani kwake. "Nakurudisha kwenu. Kesho mshenga wangu, mzee Simeoni, anakuja kuposa, na wewe utakuwa ndani, kama mabinti wengine."

Wakarudi kwa njia ileile. Walipolikaribia banda, Yeremia akafungua mdomo, Selina akamfinya. Klara akajifunika uso kwa kiganja.

"Toa mkono," Naftali akasema polepole. "Waangalie. Mimi siku ile niliwaangalia."

Akautoa. Mbwa alishatangulia mbele yao, mkia juu, kama ndiye mshenga.