Siku Aliyosema Oya

Treni ya Tabora haijasimama vizuri, tayari watu wa Mpanda walikuwa wanaparamia mabehewa. Wanaoshuka wanasukuma, wanaopanda wanasukuma, magunia ya mchele yanapita juu ya vichwa, mtoto analia na mama yake anatukana. Makoye alikuwa amekuja kupokea mzigo wa koki za bomba, na mpaka hapo alichoambulia ni kukanyagwa.

Ndipo akamwona binti amesimama juu ya gunia. Gauni la kitenge cha kijani, koti la mvua limefungwa kiunoni, raba zimejaa tope, rasta zimebanwa nyuma kwa kalamu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anawanyooshea watu kidole, mmoja mmoja.

"Wewe baba mwenye kofia, mpokee huyo mtoto. Nyie vijana wawili, shusheni mzigo wa bibi kwanza. Na wewe kaka mwenye shati jeupe, umekuja kutazama harusi? Shika huku!"

Kaka mwenye shati jeupe alikuwa Makoye mwenyewe. Akashika. Muda si mrefu mlango ule mmoja ulikuwa unapitika, na kwenye milango mingine watu bado wanang'oana vifungo.

"Dada, wewe ni mfanyakazi wa stesheni?"

"Mimi? Nimemsindikiza shangazi tu."

"Na hawa wote wanakutii kwa nini?"

"Nimewaangalia usoni. Mtu ukimwangalia usoni anapata aibu."

Makoye akacheka. "Mimi ni meneja wa mradi wa maji kule Majimoto. Natafuta watu wa timu yangu."

"Lo! Na unawatafutia kwenye treni?"

"Ofisini wanakuja waongo."

"Basi nimesomea ufundi bomba, na huo siyo uongo. Ila usinichukue kwa sababu ya macho yangu, naona unavyoniangalia."

"Naangalia gunia."

"Gunia liko kushoto, kaka."

Jina lake Joséline. Alisema kwao ni Makanyagio, kwa shangazi Eufrazia, na Makoye hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Makoye alikuwa na sifa katika kampuni yake. Alichukua mafundi ambao hakuna aliyewataka, na baada ya miezi michache wakawa wanafanya kazi utadhani wamezaliwa nyumba moja. Njia yake ilikuwa rahisi. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa sururu, walisimama duara na kila mmoja akasema leo anaogopa nini. Hata Luhende, mtu wa pampu, mbishi kuliko wote, siku moja alisema anaogopa macho yake yanafifia. Mtu akisema neno lisiloeleweka, Makoye alimwuliza, "Unamaanisha nini?" Aliuliza mpaka jambo likanyooka, na asiyeelewa hakuchekwa.

Baada ya hapo Makoye alinyoosha mkono juu na kupaza sauti, "Oya!" Timu nzima ikajibu, "Twende!" Neno hilo alilitoa vijiweni Dar es Salaam, la kuitana na kuamshana, nao walilipenda.

Asubuhi yake ya kwanza kazini, Joséline alipolisikia alishtuka, kisha akafunika mdomo.

"Mbona unacheka?" Makoye akamwuliza.

"Hamna kitu, bosi."

Ole wao! Lililomchekesha lingesemwa asubuhi ile, yaliyofuata yasingefuata.

Mapenzi yakaja polepole, kwa kuchokozana. Makoye alimpa Joséline usimamizi wa mtaro, kutoka kwenye pampu mpaka kwenye tenki la kijijini, nao walikuwa wanapigiana simu mchana kutwa juu ya mabomba. Jumapili, Joséline akiwa Makanyagio, mabomba yakasahaulika.

"Mayu, umekula?"

"Nimekula. Na usiniite mama, mimi sijakuzaa."

"Kwetu Usukumani mwanamke wa maana anaitwa mayu."

"Ulishawaita wangapi?"

"Wewe na aliyenizaa."

"Muongo wewe! Haya, endelea kudanganya, nasikiliza."

Lakini Makoye alipotaka kupeleka wazee wake kuposa, binti alianza kukwepa. "Niwalete Makanyagio kwa shangazi?" "Ngoja kwanza." "Baba na mama yako wako wapi, Jose?" "Wapo. Nitakwambia." Wiki ikapita, na nyingine. Makoye akaanza kuumia moyoni, akidhani kuna mwanaume mwingine.

Hapo ndipo ikafika siku ya kupima presha ya maji kwenye mabomba.

Wakubwa walikuwa njiani kutoka Dar, mvua ya usiku ilikuwa imejaza mtaro tope, na Makoye alikuwa na haraka. Siku hiyo hawakusimama duara. Kanuni ilikuwa moja: Luhende hafungulii maji mpaka Joséline, aliyeko upande wa tenki, aseme watu wote wametoka mtaroni. Makoye akapiga simu, akaweka spika. Mtandao ulikuwa unakatikakatika na upepo unavuma.

"Jose! Tufungue?"

"Oya!" sauti ikatoka. "Oya, Makoye! Oya, oya!"

Makoye akatabasamu, akamgeukia Luhende. "Umemsikia mwenyewe. Fungua."

Shadrack alikuwa bado mtaroni, anakaza kiungo cha mwisho. Shadrack, fundi aliyekuwa anawaimbia wenzake wakati wa kuchimba. Bomba liliruka likamgandamiza ukutani mwa mtaro. Walimkimbiza Mpanda, na kesho yake madaktari wakamkata mguu juu ya goti.

Kikao kilifanyika chini ya turubai. Mkubwa wa kampuni akauliza, "Nani alitoa ruhusa?"

"Nilimpigia Joséline," alisema Makoye. "Akasema oya."

"Nilimsikia kwa masikio yangu," Luhende akaongeza, machozi yanamlengalenga. "Alirudia rudia."

Wote wakamgeukia binti. Yeye hakumwangalia mkubwa. Alimwangalia Makoye usoni, vilevile kama stesheni, akangoja. Makoye akainamisha macho.

"Una la kusema?" mkubwa akauliza.

"Sina."

Akafukuzwa kazi palepale. Makoye akabaki na cheo chake.

Alimpigia simu mpaka vidole vikauma. Mara moja tu ikapokelewa.

"Jose, kwa nini ulisema oya? Shadrack alikuwa ndani!"

"Kila siku ulikuwa unatuuliza tunamaanisha nini," alisema Joséline. Sauti ilikuwa imekauka. "Siku ile hukuniuliza, Makoye. Wala kwenye kikao hukuniuliza." Akakata.

Timu ikafa. Kazini walikuja, ndiyo, lakini lile duara likawa la kusimama tu, kila aliyeulizwa anaogopa nini alijibu, "Hamna." Mabomba waliyokuwa wanalaza kwa siku moja sasa yalichukua tatu. Makoye alilala akiwa na hasira na binti, akaamka akiwa na hamu naye, na hakujua lipi linamtesa zaidi.

Mwishowe akaenda Makanyagio. Shangazi Eufrazia alikuwa barazani anachambua dagaa, hata kiti hakumpa.

"Amerudi kwao."

"Kwao wapi, shangazi? Si hapa?"

"Hapa alikuwa anaishi. Kwao ni Katumba. Hukuwahi kuambiwa?" Akamtazama. "Basi hukuwahi kuaminiwa."

Makoye akachukua pikipiki mpaka Katumba, kijiji kwa kijiji, anaulizia, mpaka akaonyeshwa nyumba ya matofali yenye bani la kukaushia tumbaku nyuma yake. Mama wa makamo alikuwa anaanika mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani, Joséline yupo?"

"Oya," alisema mama.

Makoye alidhani ameitwa. "Naam, mama?"

"Oya. Hayupo, ameenda shambani."

Makoye akamsogelea. "Mama… oya ni nini?"

"Ah, unisamehe, lugha ya nyumbani inanitoka. Oya ni hapana, mwanangu. Kwetu, kwa Kirundi, ni hapana."

Makoye akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la mahindi. Oya, Makoye! Oya, oya! Binti alikuwa anamlilia: hapana, hapana, hapana. Na yeye alitabasamu.

Yule mama, Libérate, mzazi wa Joséline, alimletea maji, akidhani jua limemzidi. Makoye akanywa, akaomba asitajwe, akaondoka. Angemtazama Joséline kwa macho gani?

Kesho yake Majimoto, aliwasimamisha duara na simu ya mkubwa wa Dar ikiwa wazi kwenye spika.

"Leo naogopa kuwaambia ukweli," alianza. "Joséline alisema hapana. Kwa lugha ya kwao, oya ni hapana. Mtu akishikwa na hofu anarudi kwenye lugha ya mama yake. Neno la oya nililileta mimi. Nilikuwa na haraka, sikumwuliza anamaanisha nini. Mguu wa Shadrack uko juu yangu, siyo juu yake."

Luhende alivua kofia, akalia kama mtoto. Kwenye simu mkubwa akasema, "Makoye, unajua maana ya hayo unayosema?" Alijua. Jumatatu iliyofuata alikabidhi ufunguo wa gari.

Alipita kwa Shadrack, aliyekuwa kwa dada yake mjini, amelaza magongo kando ya kiti. Shadrack alisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu haurudi, bosi."

"Najua."

"Mimi nilimsikia," Shadrack alisema taratibu. "Nilikuwa namsikia kwa juu anapiga kelele oya, oya, nikadhani ananihimiza. Nikakaza kwa nguvu zaidi." Akageuza uso dirishani. "Nenda kamwone yule binti. Mimi usinitembelee kwanza."

Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha Katumba. Joséline alikuwa mlangoni mwa bani, gauni lilelile la kijani limechakaa kwa utomvu wa tumbaku, anafunga majani kwenye fito. Amekonda. Hakushtuka kumwona.

"Luhende alinipigia," alisema. "Amenieleza yote."

"Jose, kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Ningesema nini? Ni Kirundi? Babu ndiye alikimbia Burundi; mimi nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa, uraia tunao. Lakini toka shule naitwa mkimbizi. Wale wangesema mkimbizi amemkata mtu mguu." Mikono yake haikuacha kufunga majani. "Nilingoja wewe uulize. Wewe tu. Ungeuliza, ningesema mbele ya yeyote."

"Nilikuwa na hofu."

"Na mimi. Wiki ile nilikuwa najiandaa kukuleta hapa. Nilishamwambia mama apike."

Makoye akashindwa kuzuia machozi, na hakuyafuta. "Sina kazi, sina gari. Nina aibu tu. Lakini nakupenda, mayu, na nimekuja kuomba. Nikuoe."

Joséline akaacha fito. Akamwangalia usoni, muda mrefu.

"Oya."

Makoye akaitikia kwa kichwa.

"Umeelewa nini?" binti akauliza. "Sema."

"Umesema hapana."

"Ndiyo. Shadrack yuko kwenye magongo, nami nikikuona wewe namwona yeye. Siwezi kuvaa gauni jeupe na hilo moyoni."

Makoye akaokota kofia ya pikipiki chini. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua kamili, inapiga bati la bani, na ilibidi apaze sauti.

"Basi, Jose. Niondoke?"

Joséline aligeukia majani yake. Akafunga moja, likamponyoka, akalifunga tena.

"Oya," alisema.

Makoye alisimama. Halafu akaweka kofia chini, akaingia ndani ya bani, akachukua upande wa pili wa fito.