Dozi Moja ya Kilolo

“Jicho Tatu, gari moja limegeuza. Linarudi Mbeya. Piga matairi.”

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kisikilizi chini ya mtandio wa Mwanaidi Abdulkarim. Alikuwa kwenye kizuizi cha Nyololo, amevaa koti la mkaguzi wa magari. Ndani ya koti, bastola ya Glock 19.

Saa tatu asubuhi. Ukungu wa Mufindi ulikuwa haujanyanyuka.

Habari ilikuwa chafu. Land Cruiser mbili nyeupe, namba zilezile, nembo zilezile. Moja ilibeba chanjo halisi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa Kilolo. Nyingine ilibeba chupa za maji ya chumvi. Wafanya magendo walitaka maji yafike Kilolo, chanjo ivushwe Tunduma.

Zamani wasichana walichomwa mara mbili. Siku hizi ni dozi moja tu, utafiti umeonyesha inatosha. Lakini hiyo moja ikiwa maji, hakuna ya pili ya kufuta kosa. Msichana atakua, atazaa, ataamini yuko salama, mpaka siku ugonjwa utakapobisha hodi.

Ugonjwa huo ulimuua mama yake Mwanaidi. Na asubuhi hii Shufaa, binti yake wa miaka kumi na miwili anayelelewa na shangazi, alikuwa kwenye foleni ya Kilolo.

Mwanaidi aliogopa. Tuseme ukweli, majasusi nao ni wazazi.

Gari lililogeuza likatokea. Hakupiga matairi. Alinyoosha mkono, likasimama.

Dereva alikuwa Timotheo, mtu wa Tukuyu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

“Mbona unarudi?”

“Bosi kanipigia, dada. Kasema kampeni imeahirishwa, nirudishe mzigo. Mimi nafuata amri tu, mwe!”

“Jicho Tatu, mwizi ndiye huyo, kaogopa, anakimbia na maji yake,” Mkuu alinguruma. “Linaloenda Iringa liachie.”

La Iringa lilikuwa limeshafika kizuizini. Dereva wake, Vitus, aliteremka akitabasamu. Shati limepigwa pasi, karatasi zina mihuri yote.

“Wasichana wanasubiri, mama. Naomba nipite.”

“Dakika moja.”

Kabla ya kujiunga na Idara ya ujasusi, Mwanaidi alikuwa muuguzi. Alifungua sanduku la baridi la Timotheo, akatoa kopo bapa la barafu, akalitikisa sikioni.

Maji yalilia ndani.

Akaenda kwa Vitus. Akatikisa.

Kimya.

“Imeganda vizuri,” alisema.

“Jiwe, mama!” Vitus alijisifu. “Tangu jana kwenye friji. Chanjo inataka baridi, nasi hatukubania.”

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Chanjo hii ikiganda imekufa. Kila mpakiaji aliyefunzwa huiacha barafu nje kwanza, mpaka asikie maji yanacheza ndani ya kopo. Vitus hakuwahi kubeba chanjo maishani mwake.

Vitus aliyasoma macho yake. Mkono ukaruka chini ya kiti, kwenye bastola.

Mwanaidi alimshushia lile kopo kwenye kiwiko.

Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka kwenye lami.

Simu ya Vitus ikaita. Jina kwenye kioo: Daktari, jina la siri la kinara wa magendo. Mwanaidi aliwasha spika, akamwekea Glock shingoni.

“Mwambie umepita Mafinga.”

“Nimepita Mafinga, bosi.”

“Nzuri,” ilijibu sauti ya kigeni. “Mimi nangoja Kalenga.”

Ikakata.

“Mkuu, umesikia?”

“Nimesikia,” Mkuu alijibu. “Vijana wetu wapo njiani kwenda Kalenga. Na... samahani, Jicho Tatu.”

“Nenda Kilolo, Timotheo. Nakufuata,” Mwanaidi alisema, akimkabidhi Vitus kwa polisi wa kizuizi.

“Ndaga fijo, dada,” Timotheo alishukuru kwa Kinyakyusa.

Walipopita Iringa, Mkuu aliripoti: Daktari kakamatwa Kalenga, kahawa yake bado ya moto. Kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Abiria wa basi lililosimama kizuizini alirekodi kila kitu, na video ilifika Kilolo kabla ya chanjo, ikiwa na maelezo: *Wanawachoma watoto wetu maji ya sumu.* Kwenye uwanja wa shule foleni ilikuwa imevunjika. Akina mama walikuwa wanawakokota mabinti zao kuelekea getini, mmoja kashika jiwe. Nesi Esnath alisimama peke yake nyuma ya meza, machozi yanamlengalenga.

Kanuni ya Idara ilikuwa moja: usijulikane.

Timotheo alipoteremsha sanduku mezani, Mwanaidi alivua koti la ukaguzi. Alimwona Shufaa kando ya shangazi yake, akamshika mkono, akapita naye katikati ya umati.

“Mama? Umetokea wapi? Wanasema ni sumu.”

“Mimi nimeikagua. Unaniamini?”

Shufaa alisogea mbele ya meza. Kisha akakunja mkono wa sare yake.

“Huyu ni mwanangu wa pekee,” Mwanaidi alisema kwa sauti ya kusikika getini. “Anzeni na yeye.”

Sindano iliingia. Shufaa alikunja uso, akabaki amesimama.

Yule mwanamke aliweka jiwe chini. Akamsukuma binti yake mbele, taratibu.

“Jicho Tatu, umejulikana wilaya nzima!” Mkuu alifoka sikioni.

Mwanaidi alichomoa kisikilizi, akakitia mfukoni, akaenda kusimama mwisho wa foleni na akina mama wengine.